Barua Pepe za Matapeli: Soma Mwisho wa Anwani Kabla ya Kubofya

Kila mwaka, Juni 30 inapokaribia, walipa ushuru wengi hukimbizana na muda wa kuwasilisha ritani zao kwa KRA. Matapeli huijua haraka hiyo na huitumia.

Chukua mfano wa mwenye duka anayepokea barua pepe yenye nembo ya KRA. Inasema atarejeshewa ushuru wa Sh8,400, lakini asipothibitisha akaunti yake leo, atazikosa pesa hizo. Chini kuna kitufe. Akikibofya, unafunguka ukurasa unaofanana na iTax, unaomba neno lake la siri, kisha nambari ya kadi yake ya benki. Akijaza, amemkabidhi mwizi funguo.

Nembo si ithibati, kwa kuwa yeyote anaweza kuinakili. Jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa. Cha kuchunguza ni mahali kiungo kinakoelekea. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kitufe bila kubofya na anwani itaonekana.

Anwani isomwe kutoka mwisho. Ruka https://, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha tazama maneno yaliyo kabla yake. Majina yanayoishia kwa .go.ke yametengewa taasisi za serikali. Kwa hivyo itax.kra.go.ke ni ya KRA. Lakini kra.go.ke.example.com si ya KRA, ingawa imeanza kwa jina hilo. Mwenye tovuti ni yule aliyetajwa mwishoni.

Hata hivyo, njia iliyo salama zaidi ni kutopitia kiungo kabisa. Funga barua hiyo, kisha andika itax.kra.go.ke mwenyewe. Kumbuka pia kwamba marejesho ya ushuru huombwa na mlipa ushuru kupitia iTax. Asiyeomba hana cha kuthibitisha.

Aliyekwisha kujaza habari zake afanye haya mara moja:

1. Abadilishe neno la siri kwenye tovuti halisi, na kwingineko alikotumia neno hilo hilo.
2. Apigie benki simu ili kadi ifungwe, akitumia nambari iliyo nyuma ya kadi, si ile iliyo kwenye barua pepe.
3. Kama alitoa PIN ya M-Pesa, aibadilishe kupitia *334#.
4. Asiifute barua hiyo, kwani ni ushahidi. Apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Ulaghai wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili.

Aibu isimzuie mtu kuripoti. Kadiri anavyonyamaza, ndivyo tapeli anavyopata muda wa kutoa pesa.