SOMO LA MKULIMA: Kukausha Mazao kwa Jua Bila Kuyaharibu

Msimu wa maembe ukifika, mashamba yaliyo kando ya Mto Tana huvuna kwa wingi na kwa wakati mmoja. Bei hushuka, na matunda yanayokosa mnunuzi huoza chini ya miti. Hali ni hiyo hiyo kwa nyanya, na vivyo hivyo kwa mashamba ya kando ya Mto Daua kule Mandera. Kiangazi kinapoingia, familia zile zile hununua mboga na matunda yaliyosafirishwa kutoka mbali, kwa bei ya juu.

Jua halikosekani katika eneo hili. Hata hivyo, kuanika mazao juani ni jambo moja, na kuyakausha yakafaa kuliwa baada ya miezi sita ni jambo jingine.

Somo lililo tayari nyumbani

Akina mama wa Kaskazini Mashariki wanaotengeneza nyirinyiri tayari wanajua kanuni za kuhifadhi chakula. Nyama hukatwa vipande vyembamba, hutundikwa penye hewa, hukaangwa mpaka maji yaishe, kisha huhifadhiwa ndani ya mafuta katika chombo kilichofunikwa vizuri. Hukaa miezi mingi bila friji.

Sababu ni moja: bakteria na kuvu haviwezi kuongezeka pasipo maji. Karibu asilimia 83 ya nyama ya embe ni maji, na katika nyanya maji hufika asilimia 94 hivi. Maji hayo yakiondolewa, na yasiporudi, chakula hakiozi.

Ubaya wa kuanika chini

Mazao yanayoanikwa mchangani hupata vumbi, nzi na kinyesi cha kuku na mbuzi. Usiku hunyonya unyevu wa ardhini, na mvua ya ghafla huweza kuharibu kazi ya siku tatu. Tena, jua kali likipiga mboga za majani moja kwa moja hupunguza vitamini A, ambayo watoto huihitaji sana.

Jinsi kikaushio cha jua kinavyofanya kazi

Watu wengi wakisikia sola hufikiria paneli, kama zile za kituo cha umeme wa jua cha Garissa kilichozinduliwa Desemba 2019, chenye uwezo wa zaidi ya megawati 50. Kikaushio hakihitaji paneli wala umeme. Hutumia joto la jua lenyewe.

Ni kisanduku cha mbao kilichoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini. Juu hufunikwa kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, na sakafu hupakwa rangi nyeusi ili ivute joto. Katikati huwekwa trei za wavu wa plastiki, kwa sababu wavu wa chuma huliwa na asidi ya matunda. Upande wa chini hutobolewa matundu ya kuingiza hewa na upande wa juu matundu ya kuitoa, yote yakizibwa kwa wavu wa mbu.

Matundu hayo ndiyo siri ya kazi. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, hupanda na kutoka pamoja na mvuke, na hewa kavu huingia mahali pake. Kisanduku kisicho na matundu hupika mazao badala ya kuyakausha. Joto linalofaa matunda ni kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi. Likizidi sana, ngozi ya nje huwa ngumu na kufungia maji ndani. Kipande huonekana kikavu, kisha huota kuvu kikiwa ghalani.

Hatua za kukausha maembe na mboga

1. Chagua matunda yaliyoiva lakini bado magumu. Yaliyoanza kuoza yasitumike.
2. Osha mikono, kisu na matunda kwa maji safi.
3. Menya na ukate vipande vya unene sawa, milimita 5 hadi 8. Vikitofautiana, vingine hubaki vibichi.
4. Chovya vipande katika maji yenye ndimu ili visigeuke rangi.
5. Panga trei bila kubananisha, kiasi cha kilo 4 hadi 5 kwa kila mita mraba.
6. Majani ya kunde yachovywe kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha yakaushwe chini ya kivuli cha kitambaa cheusi.
7. Jioni, ziba matundu ili unyevu wa usiku usiingie.

Maembe huchukua takriban siku mbili hadi tatu. Kilo 10 za maembe mazima hutoa kilo moja na kidogo ya vipande vikavu, na kilo 20 za nyanya hutoa karibu kilo moja. Mkulima anayepanga kuuza azingatie hesabu hiyo anapoweka bei.

Nafaka: hatari isiyoonekana

Mwaka 2004, watu 317 waliugua nchini Kenya na 125 wakafariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Hii ni sumu inayotokana na kuvu, ambayo hustawi kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi, wala kuanika tena. Mahindi hayo yasilishwe mifugo pia, kwani sumu hupita kwenye maziwa.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, atikise, kisha asubiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Mbegu za kupanda zisiwekwe ndani ya kikaushio chenye joto kali, kwa kuwa hazitaota.

Kuhifadhi

Vipande vikavu vipoe kwanza, kisha viwekwe katika chupa iliyofungwa kwa wiki moja na kutikiswa kila siku. Matone ya maji yakionekana ndani ya chupa, virudishwe kwenye kikaushio. Vikiwa sawa, vihifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali penye giza na ubaridi, na tarehe iandikwe juu yake.

Vikundi vya wakulima na vya akina mama vinashauriwa kuanza na kikaushio kimoja kidogo kabla ya msimu, na kumwomba afisa wa ugani wa wadi akikague kabla ya kupakia mazao ya kwanza.