Mtoto Hospitalini na Ukweli wa Mzazi

Somo letu la leo ni juu ya mtoto mgonjwa. Hatusemi juu ya dawa yake, kwani hiyo ni kazi ya matabibu. Twasema juu ya moyo wake, nao ni amana mikononi mwetu sisi wazazi.

Jirani yetu mmoja alimchukua mwanawe wa miaka minne kwenda kudungwa sindano, akamwambia kuwa waenda kununua halua. Sindano ilikwisha mara moja. Lakini tangu siku ile kila aambiwapo "twende," hata ikiwa ni kwa bibi yake, mtoto hushika mlango akalia.

Imepokewa na Abu Dawud kuwa Abdallah bin Amir alipokuwa mtoto, mamake alimwita aje apewe kitu, na Mtume (S.A.W.) yumo nyumbani mwao. Mtume akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akamjulisha kuwa lau hakumpa kitu, angaliandikiwa uwongo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa tende, je, kwa sindano?

Basi yatupasa haya. Kwanza, mtoto aambiwe kweli kwa kadiri ya akili yake: "Itauma kidogo, kisha itakwisha, nami nitakuwa nimekushika." Tena tuache kumtisha nyumbani kwa daktari na sindano kila anapokosa.

Pili, aachwe alie. Asiambiwe kuwa mwanamume halii, kwani Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Tatu, mzazi asimtoroke mtoto akiwa amelala. Ikimlazimu kuondoka, amwage, amtajie wakati wa kurudi kwa alama aijuayo, kama baada ya alasiri, kisha atimize. Na mama amwachie leso yake aishike.

Wako wasemao kuwa ni bora mtoto asizuriwe, kwani amwonapo mamake hulia. Huko Uingereza zamani hospitali nyingi zilishika mwendo huo. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku 8, na wenye kutazama kwa makini wakatambua kuwa kunyamaza kwa mtoto si kutulia. Huenda ikawa amekata tamaa. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Harry Platt ilishauri wazazi waruhusiwe kuzuru wakati wowote, na mama wa watoto wadogo walale nao. Basi hospitali ikituruhusu kukaa na mtoto, tusiache kukaa.

Na arudipo nyumbani akawa aweweseka usiku, au akojoa kitandani na hali alikwisha kuacha, au hataki kubanduka kwa mamake, tusikimbilie hirizi tukisema amepatwa na shetani. Mara nyingi hiyo ni khofu tu, nayo hupungua kwa kukumbatiwa, kusikilizwa, na kuachwa acheze mchezo wa kumdunga mwanasesere wake. Ikiendelea, arudishwe kwa tabibu.

Ugonjwa huweza kurejea, na siku hiyo mtoto atamtazama mzazi wake usoni ili ajue kama anayoambiwa ni kweli. Basi tumzoeze tangu leo kutuamini. Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, na atuwezeshe kuitunza amana yake. Amin.