Mtoto Anayesomea Nyumbani: Kazi Fupi za Kuandika



Somo letu la malezi mwezi huu lahusu watoto wa miaka 11 hadi 14 wanaosomea nyumbani. Katika mitaa yetu wapo. Yupo mwenye ugonjwa wa selimundu, ambaye hukaa kitandani majuma mazima. Yupo ambaye wazazi wake wamehama kwa ajili ya kazi, naye hajapata nafasi katika shule mpya. Tena mwaka 2020 shule za Tanzania zilifungwa tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kila nyumba ikageuka kuwa darasa. Hatusemi kwamba mtoto aondolewe shuleni. Twasema kwamba siku anapokuwa nyumbani, kuandika kwake kusilale.

Wazazi wengi huweza kusimamia hesabu, kwa kuwa jibu la hesabu ni moja. Lakini wakifika kwenye kuandika, hukwama. Humwambia mtoto, "Andika insha," naye huandika mistari mitatu, kisha hutazama dirishani. Kosa si la mtoto. Hajui aandike nini, wala hajui anamwandikia nani. Basi neno kuu la somo hili ni hili: mtoto hujifunza kuandika anapoandika jambo fupi, la kweli, kwa mtu atakayelisoma. Daftari peke yake si msomaji.

Mfano tunao katika Kanisa letu wenyewe. Huko Kiungani, karibu na mji wa Zanzibar, Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa na shule ya wavulana, na wengi wao walikuwa wameokolewa katika majahazi ya watumwa. Walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kujifunza. Wavulana hao waliandika habari zao wenyewe kwa Kiswahili: kwao ni wapi, walikamatwaje, walipita njia gani. Mwalimu wao A. C. Madan alizifasiri kwa Kiingereza, zikapigwa chapa London mwaka 1887. Hawakupewa kichwa cha habari cha kubuni. Waliandika waliyoyaona kwa macho yao, na hata leo wenye kutafuta habari za biashara ya watumwa huyasoma maneno ya watoto wale. Mtoto wetu naye ameona mambo. Tumsaidie kuyaandika.

Tumechagua kazi tano. Kila moja yatosha juma moja, na kila siku nusu saa tu. Vinavyohitajiwa ni daftari moja la mistari, kalamu, na mtu wa kusikiliza.

Kazi ya kwanza: Barua yenye ombi moja

Fungueni Waraka kwa Filemoni. Ni sura moja yenye aya 25, na mtoto aweza kuusoma wote kwa mara moja. Kisha mwulizeni: Paulo anaanzaje? Atagundua kwamba Paulo anasalimu kwanza, kisha anamshukuru Mungu kwa ajili ya Filemoni, na ndipo anapofika kwenye ombi lake, kwamba Onesimo apokewe. Mwishoni anaongeza habari ya kuandaliwa mahali pa kukaa, anatoa salamu za wenzake, anamaliza kwa baraka. Hiyo ndiyo barua njema: salamu, shukrani, ombi, salamu za mwisho.

Sasa mtoto aandike yake kwa bibi, kwa mjomba, au kwa rafiki aliyehama. Anwani na tarehe zikae juu upande wa kulia. Ombi liwe moja tu, nalo liwe la kweli: mbegu za mchicha, picha ya babu, au habari za ndama aliyezaliwa. Barua ipelekwe kweli, kwa posta au kwa mkono wa msafiri. Na ninyi mnaopokea barua za watoto, tafadhali jibuni. Barua isiyojibiwa humfundisha mtoto kwamba kuandika ni kazi bure.

Kazi ya pili: Namna ya kufanya jambo

Mtoto aandike jinsi ya kupika uji, kuwasha jiko la mkaa, au kuziba pancha ya baiskeli. Kila hatua iwe na sentensi yake. Halafu mdogo wake asome na kufanya kama ilivyoandikwa, wala asiongeze lolote kwa akili yake. Kama haikuandikwa kwamba unga ukorogwe kwanza katika maji ya baridi, basi autie mkavu katika maji yanayochemka, na wote wauone uji wenye madonge. Watacheka, lakini mwandishi atarudi kwenye daftari lake bila kuambiwa. Kazi hii yafundisha kuliko maneno mengi ya mwalimu, kwa maana sufuria yenyewe ndiyo inayosahihisha.

Kazi ya tatu: Habari za mzee

Mtakatifu Luka, mwanzoni mwa Injili yake, aeleza kwamba alijitafutia habari kwa uangalifu kabla ya kuandika (Luka 1:1-4). Mtoto afanye vivyo hivyo. Atayarishe maswali matano, aende kwa mzee mmoja wa jamaa au wa mtaa. Maswali yasiwe ya kujibiwa "ndiyo" au "hapana". Asiulize, "Je, zamani maisha yalikuwa magumu?" Aulize, "Mlipokuwa wadogo, maji mliyateka wapi, na nani alikwenda kuyateka?" Aandike ukurasa mmoja. Kisha arudi, amsomee mzee yale aliyoyaandika, na mzee asahihishe. Hapo mtoto atajifunza kwamba maneno ya mtu ni amana, na kwamba hatuna ruhusa ya kumwekea mtu kinywani asiyoyasema. Nakala moja abaki nayo mzee, au wajukuu wake.

Kazi ya nne: Mahali pamoja kwa siku saba

Mtoto achague mahali pamoja: mche wa muhindi, njia ya siafu, au kiota chini ya paa. Kila siku, kwa saa ile ile, aandike mistari mitano. Atumie rula na hesabu. "Mche umekua" ni neno hafifu. "Jana ulikuwa sentimeta 14, leo ni 16, na jani la chini limetobolewa na mdudu" ni habari. Mtoto mgonjwa aweza kuifanya kazi hii akiwa kitandani, kwa kutazama dirishani, na pengine itampa sababu ya kuingojea kesho.

Kazi ya tano: Mwenye nyumba ya wageni

Someni pamoja mfano wa Msamaria Mwema (Luka 10:30-37). Kila mtu hukumbuka kuhani, Mlawi na Msamaria, bali mwenye nyumba ya wageni husahauliwa. Mtoto aandike habari yote kama alivyoiona yeye: aliyegonga mlango ni nani, majeruhi alikuwa katika hali gani, alipewa dinari mbili na ahadi ya kulipwa zaidi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja, kama tusomavyo katika Mathayo 20:2. Je, aliamini kwamba Msamaria atarudi? Tusimpe jibu. Mtoto akiandika hivi, ataifahamu Injili kuliko kukariri. Kazi hii yafaa pia darasa la Kipaimara.

Namna ya kusahihisha

Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Tunachukua kalamu nyekundu, tunajaza daftari damu, na mtoto hataki tena kuandika. Yafaa tufuate utaratibu huu:

1. Mtoto asome kazi yake kwa sauti. Mara nyingi sikio lake litakamata kosa ambalo jicho liliruka.
2. Tutaje jambo moja tulilolipenda, nalo tulitaje hasa. Si "vizuri" tu, bali "hapa uliposema jani limetobolewa, nimeliona".
3. Tuulize swali moja mahali ambapo hatukuelewa.
4. Tusahihishe aina moja ya kosa kwa juma. Juma hili ni maneno yaliyokatwa vibaya, kama "nime kwenda" badala ya "nimekwenda". Juma lijalo ni "l" na "r". Juma la tatu ni nukta na herufi kubwa.
5. Mtoto mwenyewe aandike upya nakala safi. Tusimwandikie.

Mzazi asiyejua kusoma asijitoe katika kazi hii. Yeye aweza kuwa msikilizaji bora kuliko wote. Akisema, "Mwanangu, hapo sijaelewa, nirudie," amekwisha kufundisha.

Kuna neno moja zaidi, nalo ni zito. Pengine mtoto atatumia kalamu kusema ambalo ulimi wake umeshindwa: kwamba anaogopa kufa, kwamba anapigwa, kwamba mtu mzima fulani anamtendea mabaya. Siku hiyo tusitazame nukta wala herufi kubwa. Tuweke kalamu chini, tumsikilize, tumwamini, na tutafute msaada kwa mtu anayeaminika, na kwa wenye mamlaka pale inapopasa. Wala tusiisome kazi hiyo mbele ya watu. Mtoto ataandika kweli tu katika nyumba ambayo kweli yake haitamletea fimbo.

Zakaria baba yake Yohana, aliponyimwa sauti, aliomba kibao cha kuandikia (Luka 1:63). Aliandika maneno machache tu, na jina la mtoto likathibitika mbele ya jamaa zote. Maneno machache, yakiwa ya kweli na yakiwa na msomaji, yatosha. Tuwape watoto wetu kibao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika Umoja wa Akina Mama

1. Ni mtoto gani katika mtaa wetu anayesomea nyumbani kwa sasa? Nani atamwandikia barua juma hili?
2. Kati ya kazi hizi tano, ipi yawezekana nyumbani kwetu bila kununua kitu chochote?
3. Mtoto wetu akiandika jambo la kutuaibisha sisi wazazi, tutafanya nini?

Ee Mungu, uliyewapa watumishi wako neno na kalamu, wabariki watoto wetu wanaosomea nyumbani, na wagonjwa miongoni mwao. Wafundishe kuandika iliyo kweli, nasi utupe masikio ya kuwasikiliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.