Kifuniko cha Tangi la Petroli: Kitundu cha Hewa na Hatari ya Tambara

Katika barabara za vumbi zinazounganisha vijiji vya Shinyanga, Kahama na Geita, pikipiki huweza kuzimika ghafula ilhali tangi lake lina petroli ya kutosha. Dereva hukagua plagi na waya asione kasoro. Mwishowe hufungua kifuniko cha tangi ili atazame mafuta. Husikika sauti ya hewa ikivutwa ndani, na injini ikipigwa tena huwaka. Baada ya mwendo mfupi huzimika kama mwanzo. Dereva huyo aweza kuona kwamba kifuniko ndicho kibovu, akitupe na kuziba mdomo wa tangi kwa tambara. Amegundua ugonjwa, lakini dawa aliyoichagua ina madhara makubwa zaidi. Sababu zake zaweza kuelezwa kwa fizikia na kemia ya sekondari.

KAZI MBILI ZA KIFUNIKO

Kifuniko hutakiwa kuzuia mafuta na mvuke visitoke, na vumbi na maji visiingie. Papo hapo, hewa lazima ipate njia ya kuingia ili ichukue nafasi ya mafuta yanayotumika. Katika pikipiki nyingi na magari ya zamani, njia hiyo ni kitundu chembamba kilichomo katika kifuniko chenyewe. Katika magari mengi ya miaka ya baadaye tangi hufungwa kabisa, na mvuke hupelekwa kwa bomba hadi kwenye chombo chenye mkaa unaounasa. Baadaye injini huuvuta na kuuchoma. Kifuniko cha magari hayo huwa na vali ya springi inayofunguka iwapo kanieneo ndani ya tangi imeshuka au kupanda kupita kiasi. Kanieneo ni nguvu inayosukuma juu ya kila kizio cha eneo.

KWA NINI INJINI HUKOSA PETROLI

Mji wa Shinyanga upo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapo kanieneo ya angahewa ni karibu kilopaskali 88, ikilinganishwa na 101 pwani.

Ichukuliwe pikipiki yenye tangi la lita 12, ndani yake mna petroli lita 8 na hewa lita 4. Kitundu kimezibwa na vumbi lililoshikana na mafuta. Injini ikitumia nusu lita ya petroli, hewa ileile hutanuka na kujaza lita 4.5. Kwa kanuni aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662, kanieneo ikizidishwa kwa ujazo hutoa jibu lilelile, maadamu halijoto haibadiliki. Hivyo:

kanieneo mpya = 88 × 4 ÷ 4.5 = kilopaskali 78 hivi.

Upungufu ni kilopaskali 10. Katika pikipiki ya kabureta, petroli hushuka kwa uzito wake tu. Ikiwa uso wa petroli upo mita 0.3 juu ya kabureta, na msongamano wake ni kilo 750 kwa kila mita ya ujazo, basi:

kanieneo ya petroli = 750 × 9.8 × 0.3 = paskali 2,205, yaani kilopaskali 2.2.

Angahewa inayosukuma kutoka nje huishinda petroli, nayo husimama kabla hata ya nusu lita kwisha.

Hesabu hii imerahisishwa. Sehemu ya kanieneo ndani ya tangi hutokana na mvuke wa petroli, ambao huongezeka kadiri nafasi inavyoongezeka. Hata hivyo, kama mvuke ungechangia nusu nzima, upungufu ungebaki karibu kilopaskali 5, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa petroli kushuka. Katika gari lenye pampu, pampu hulazimika kuvuta kwa shida, na tangi la bati jembamba laweza kubonyea.

TAMBARA NI UTAMBI

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri za Selsiasi. Kwa hiyo Shinyanga hakuna saa, usiku wala mchana, ambayo petroli iliyo wazi haina hatari. Mvuke huo huwaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mchanganyiko wake na hewa. Ndani ya tangi lililofungwa kwa kawaida mvuke huwa mwingi kupita kiwango hicho. Hatari kubwa ipo mdomoni mwa tangi, unapokutana na hewa ya nje. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutambaa ardhini bila kuonekana, hata kuufikia moto ulio mbali.

Tambara huongeza hatari hiyo. Petroli hupanda katika nyuzi za pamba kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa koroboi, nayo huvukiza juu bila kukoma. Dereva aliyeziba tangi kwa tambara amepakata koroboi isiyowashwa bado.

Nguvu ya petroli iliyo nje ya chombo chake ilionekana Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

KUTUNZA NA KUBADILISHA

1. Injini izimwe na kuachwa ipoe, mahali pa wazi pasipo moto wala sigara. Kifuniko kifunguliwe polepole, kwa kuwa jua huongeza kanieneo ya mvuke.

2. Vumbi lipanguswe kabla ya kufungua, lisije likadondoka ndani.

3. Kitundu kizibuliwe kwa pampu ya baiskeli, kifuniko kikiwa mbali na tangi. Kisipanuliwe kwa msumari: tundu kubwa humwaga petroli na kuingiza mvua. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo huzama chini ya tangi, mahali injini inapovutia mafuta, na huleta kutu.

4. Mpira wa kuzibia ukikauka au kupasuka ubadilishwe.

5. Kifuniko kipya kilingane na aina ya chombo, si kwa ukubwa tu. Kifuniko kisicho na kitundu kikifungwa kwenye tangi lisilo na njia nyingine ya hewa, injini itazimika. Chenye kitundu wazi kikifungwa kwenye gari lenye chombo cha mkaa, mvuke utavuja.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili lifanywe kwa maji tu, kamwe si kwa petroli. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu itobolewe tundu la milimita 2 ubavuni, karibu na kitako. Tundu lizibwe kwa kidole, chupa ijazwe maji na kufungwa sawasawa, kisha kidole kiondolewe. Maji hutoka kidogo, ubavu wa chupa huvutwa ndani, kisha maji husimama. Kizibo kikitobolewa kwa pini, maji hutiririka. Kitundu hicho kikipakwa tope, husimama tena.

MASWALI

1. Kwa nini ubavu wa chupa ulivutwa ndani?

2. Rudia hesabu ya tangi kwa petroli lita 11 na hewa lita 1, nusu lita ikitumika. Je, pikipiki huzimika mapema zaidi tangi likiwa limejaa au likiwa karibu tupu?

3. Fundi asema: "Tambara hupitisha hewa, kwa hiyo linafaa kuliko kifuniko kilichoziba." Eleza ukweli na kosa katika kauli hiyo.