Kubadilishana punda: niongezewe 5,000 nikubali?

SWALI: Daktari, nabeba viazi kwa mkokoteni hapa Kibirichia. Jamaa wa Timau anataka nimpe punda wangu jike, anipe dume na shilingi 5,000 juu. Nikubali?

JIBU: Usishike pesa kabla hujamfungua huyo dume mdomo. Punda akifika miaka 5 hivi, meno ya mbele ya utotoni yote yameshabadilishwa; ukiambiwa ana 7 na bado anayo, nenda zako. Pitisha mkono mabegani na kifuani, mikanda inapokaa. Kovu la zamani hupasuka tena kwa mzigo. Kisha mfunge kwenye mkokoteni wako mwenyewe, viazi vikiwemo, apande mlima. Kama hajahasiwa, atavuta vizuri mpaka anuse jike barabarani.

Na jike wako, ana mimba? Hubeba kama miezi 12, na hapo 5,000 ni wizi mtupu.

Andikianeni mbele ya mashahidi, mkamwone afisa wa mifugo kuhusu kibali cha kusafirisha. Biashara ya ngozi ilichochea wizi wa punda hadi serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuwachinja kibiashara mwaka 2020; anayevuta punda mgeni bila karatasi bado husimamishwa na kuhojiwa.