Mfanyakazi yuko Nairobi, mwajiri yuko Arusha: mshahara unalipwaje?

Mfanyabiashara wa Arusha anayelitaka soko la Kenya hafiki mbali kabla hajahitaji mtu wake Nairobi: wa kuzungusha sampuli madukani, kufuatilia madeni na kupokea mzigo uliovuka mpaka wa Namanga. Kumpata si tatizo. Watu wapo, lugha inaeleweka, na pesa hutumwa kwa simu ndani ya dakika. Tatizo huanza mwisho wa mwezi. Wengi humwingiza kwenye payroli ya Arusha, wakamkata NSSF ya Tanzania, wakapeleka kodi yake TRA, wakahesabu kwamba wametimiza wajibu. Kwa upande wa Kenya hawajafanya lolote. Sheria ya kazi na kodi ya mshahara humfuata mtu pale anapofanyia kazi. Bosi anakaa wapi, hilo ni suala jingine.

Wapo wanaodhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshamaliza mambo haya. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilifungua mlango wa wafanyakazi kwenda nchi jirani. Haikuunganisha kodi, mifuko ya hifadhi ya jamii wala sheria za ajira. NSSF ya Nairobi na NSSF ya Dar es Salaam zinafanana jina tu. Michango, ukomo na mafao havifanani. Na ukitaka kumpeleka Nairobi Mtanzania wako mwenyewe badala ya kuajiri Mkenya, kibali cha kazi bado kinahitajika.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kusajili kampuni au tawi Kenya, upate namba ya mlipakodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya (ile wanayoiita PIN), ujiandikishe NSSF na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kisha uajiri kwa jina lako. Ina gharama na makaratasi, lakini kama unapanga kuwa na watu watano au sita baada ya mwaka, sioni sababu ya kuikwepa.

Ya pili ni kutumia kampuni ya Kenya ambayo tayari imesajiliwa kama mwajiri. Hiyo ndiyo inayosaini mkataba na mtu wako, inamlipa, inapeleka makato, halafu inakutumia ankara yenye mshahara, michango na ada yake. Kwa mtu mmoja au wawili, njia hii hupunguza sana usumbufu. Dai nakala ya mkataba waliosaini naye, na kila mwezi dai risiti za KRA, NSSF na SHA. Ankara iliyolipwa haithibitishi kwamba makato yamefika yanakotakiwa.

Ya tatu ndiyo inayopendwa, na ndiyo yenye mtego: kumwita mtu mtoa huduma binafsi, kumlipa fedha kamili na kumwachia kodi yake. Ni halali ikiwa kweli ni mtoa huduma, ana wateja wengine, anapanga saa zake, anatumia vifaa vyake na anakuletea ankara. Lakini kama anaripoti kwako saa 2 asubuhi, anaomba ruhusa kwenda msibani, anatumia kompyuta yako na hana mteja mwingine, huyo ni mwajiriwa. Jaji hataangalia kichwa mlichoandika juu ya karatasi. Ataangalia kazi inavyofanyika. Likizo, michango na kodi ambazo hukulipa zitarudi zote kwa pamoja, na adhabu zake.

Kuna hatari nyingine ambayo wahasibu wa mikoani huisahau. Mtu wako wa Nairobi akiwa na mamlaka ya kufunga mikataba ya mauzo kwa jina la kampuni, na akifanya hivyo mara kwa mara, KRA inaweza kusema kampuni yenyewe imeweka makazi ya kibiashara Kenya. Hapo mazungumzo yanahama kutoka kodi ya mshahara kwenda kodi ya faida. Kama hutaki kufika huko, yeye atafute wateja, mikataba ikasainiwe Arusha, na iwe hivyo kwa vitendo. Mhuri wa Arusha juu ya biashara iliyoamuliwa Nairobi haumdanganyi mkaguzi.

Laki moja inavyogawanyika

Tuseme mmekubaliana mshahara ghafi wa shilingi 100,000 za Kenya kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, slipu yake ingesomeka hivi. NSSF ilichukua asilimia 6 kwa ngazi mbili: 480 kwa shilingi 8,000 za kwanza, na 3,840 kwa kiasi kinachofuata hadi 72,000. Jumla ni 4,320. SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima ya afya, NHIF, Oktoba 2024, huchukua asilimia 2.75, yaani 2,750. Tozo ya nyumba za gharama nafuu, ambayo Wakenya hawajaacha kuilalamikia, ni asilimia 1.5, yaani 1,500. Makato hayo matatu hutolewa kabla ya kukokotoa kodi. Ni utaratibu ulioanza mwishoni mwa Desemba 2024, kwa hiyo ukipewa jedwali la zamani la kukokotolea, litupe.

Zinabaki 91,430 za kutozwa kodi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, zinazofuata hadi 32,333 asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Inakuja 22,212. Toa nafuu ya 2,400 ambayo kila mkazi hupewa kwa mwezi, kodi inakuwa 19,812. Mkononi anapokea takriban 71,618.

Wewe je? Kwa viwango hivyohivyo, unaongeza NSSF 4,320 ya upande wako, tozo ya nyumba 1,500, na shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Mtu wa laki moja anakugharimu 105,870, bado hujamnunulia bima wala simu.

Sasa angalia kosa linalofanyika kwenye mazungumzo. Mtu akikuuliza, "Nitapata ngapi mkononi?" nawe ukamjibu "laki moja" kwa sababu ndiyo namba iliyokuwa kichwani, umemwahidi mshahara ghafi wa karibu 142,350. Ukiongeza michango yako, mfukoni mwako zitatoka karibu 149,000 kila mwezi. Neno moja limekugharimu karibu shilingi 43,000. Kwa hiyo tangazo la kazi, barua ya ofa na mkataba, vyote vitaje mshahara ghafi, na vitaje kwa maandishi. Ngazi za NSSF nazo zimekuwa zikipanda kila Februari tangu 2023. Uliyepanga bajeti Desemba, ipitie tena kabla ya mshahara wa mwezi wa pili.

Mkataba

Kenya, ajira ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Usichukue wa Tanzania ukabadilisha jina la mji. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba, au posho ya kutosha kulipia kodi ya nyumba, au mshahara uliojumuisha posho hiyo. Mkataba wa Kitanzania mara nyingi haugusi jambo hili. Sentensi moja tu, kwamba mshahara ghafi umejumuisha posho ya nyumba, inakuokoa na dai la miaka kadhaa siku mtakapoachana. Sheria hiyohiyo inataka mshahara ulipwe kwa sarafu ya Kenya. Kumlipa kwa shilingi za Tanzania ili kukwepa kupanda na kushuka kwa sarafu hakuruhusiwi. Hatari hiyo ni yako.

Likizo huwachanganya wengi. Tanzania Bara ni siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kenya ni siku 21, ila ni za kazi. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki anapata wiki nne na siku moja, yaani zaidi ya mwenzake wa Arusha, ingawa namba inaonekana ndogo. Sikukuu ni za Kenya: atapumzika Madaraka na Mashujaa, na Saba Saba atakuwa kazini wakati ofisi yenu imefungwa. Mama mjamzito ana miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba ana wiki mbili, wakati kwa sheria ya Bara ya 2004 baba alipewa siku tatu.

Majeraha kazini nayo yana utaratibu wake. Tanzania umezoea kuchangia mfuko mmoja wa WCF. Kenya hakuna mfuko wa namna hiyo. Unanunua bima kwenye kampuni ya bima, kwa mujibu wa sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007. Mtu anayezunguka na pikipiki barabara ya Thika bila bima hiyo ni deni linalotembea.

Kumwachisha

Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi kisizidi miezi 12 kwa jumla. Katika majaribio, notisi ni siku saba. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Notisi peke yake haitoshi. Kama unamtoa kwa utovu wa nidhamu au uwezo mdogo, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikilize akiwa na mwenzake wa kumsindikiza, kabla hujaamua. Ujumbe wa WhatsApp usiku wa Ijumaa haukidhi masharti hayo. Mahakama ikiona umemwonea inaweza kukuamuru umlipe hadi mshahara wa miezi 12. Ukimpunguza kwa kuwa biashara imedorora, kuna notisi ya mwezi mmoja pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha.

Hapa majirani hawa wanatofautiana sana kwa muda wa kudai. Tanzania Bara, aliyeachishwa isivyo haki hutakiwa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kenya ana miaka mitatu ya kufungua shauri. Faili lake lisiingie jalalani mwezi anaoondoka.

Kwa Mkenya anayeajiri Arusha au Dar

Hesabu inageuka, na kwa upande huu ni fupi zaidi. Kwa mshahara ghafi wa shilingi 2,000,000 za Tanzania, NSSF inachukua 200,000, ambayo ni asilimia 10, na haina ukomo kama wa Nairobi. Inayobaki, 1,800,000, hutozwa kodi: ngazi za chini hadi milioni moja zinatoa 128,000, na laki nane za juu asilimia 30, yaani 240,000. Kodi ni 368,000, na mkononi anapata 1,432,000. Mwajiri anaongeza NSSF 200,000 na WCF asilimia 0.5, sawa na 10,000. Akifikisha wafanyakazi 10, inaingia tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 Julai 2023. Mkenya aliyezoea shilingi 50 za NITA atashtuka. Na kama mtu wako yuko Zanzibar, anza upya: kule kuna sheria yao ya ajira ya 2005 na mfuko wao, ZSSF.

Tarehe nazo hazifanani. Kodi ya mshahara ya Tanzania hulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, ya Kenya tarehe 9. Fedha inayovuka mpaka kupitia benki huweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo itume kabla ya tarehe 25, mshahara na makato kwa pamoja. KRA hutoza asilimia 5 ya kodi iliyochelewa pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na ritani ya kodi ya mshahara (PAYE) iliyochelewa ina adhabu yake: asilimia 25 ya kodi husika au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa.

Jambo la mwisho humhusu mfanyakazi mwenyewe. Tanzania, mwenye mshahara mmoja aliyekwisha katwa kodi hana ritani ya kupeleka. Kenya anayo, kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni, na hawezi kuijaza bila fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi aliyokatwa, kutoka kwa mwajiri. Mpe Januari. Ukimchelewesha akapitisha tarehe, faini ya kuanzia shilingi 2,000 itaandikwa kwa jina lake, si lako.