UZAMIFU SI WA NG'AMBO TU

Wanachama wenzangu, wengi wetu hudhani kusoma huisha na digrii ya kwanza, na kwamba anayetaka zaidi sharti apande ndege. La hasha!

Baada ya digrii ya kwanza huja uzamili, kisha uzamifu. Neno uzamifu limebeba "kuzama". Msomi huzama katika swali moja ambalo halijajibiwa, kwa miaka mitatu au zaidi. Ni masomo, lakini pia ni kazi.

Kazi hiyo ina faida gani? Tutazame Ruiru. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa walitoa mbegu ya Ruiru 11, inayostahimili kutu ya majani na ugonjwa wa kuozesha matunda. Mkulima akapunguziwa gharama ya dawa.

Nani hulipa? Pale Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoanza 1981, Umoja wa Afrika una taasisi yake ya sayansi na teknolojia iliyopokea wanafunzi wa kwanza 2012. Wanaofadhiliwa hulipiwa karo na kupewa posho. Lakini hushindana na Afrika nzima.

Kwa hivyo, naomba tusizikimbie hesabu na kemia. Matatu ya kutoka Thika hadi Juja si safari ndefu.